Uganda: Likizo ya uzazi yenye malipo kwa mkimbizi aliyeajiriwa

Je, umeajiriwa nchini Uganda na unatarajia mtoto? Malipo ya likizo hutoka kwa mwajiri wako, kwa hiyo usipoteze siku kwenye foleni ya OPM. Sheria ya Ajira ya 2006 inamlinda pia mkimbizi.

Mama ana haki ya siku 60 za kazi kwa mshahara kamili, hata mimba ikiharibika. Angalau wiki 4 ziwe baada ya kujifungua. Hesabu mwenyewe: siku za mapumziko hazimo. Anayefanya kazi siku 6 kwa wiki anapata wiki 10, na hapa ndipo wengi hupunjwa. Baba hupata siku 4 za kazi mara tu mke anapojifungua.

Mwajiri anaweza kudai cheti cha daktari au mkunga. Jambo linalosahaulika: mjulishe siku 7 kabla ya kurudi kazini. Andika barua, ubaki na nakala.

Una haki ya kurudia kazi yako au nyingine isiyo duni. Ukifukuzwa kwa sababu ya mimba, mwone afisa wa kazi wa wilaya, ukiwa na mkataba au ushahidi wowote wa mshahara.