Ndege ikibadilishiwa njia, hesabu ya kushuka inaweza kupotea

Tarehe 17 Novemba 2025, ndege ya Embraer iliyoleta ujumbe wa waziri wa madini, Louis Watum Kabamba, ilitoka nje ya njia ya kutua hapa Kolwezi, ikawaka moto. Wote walitoka wazima. Kutafuta sababu ya ajali ile ni kazi ya wachunguzi. Lakini swali moja linabaki: ndege inajuaje saa ya kuanza kushuka?

Ndege nyingi kubwa za leo ziko na ordinateri ya safari. Rubani anaandika ndani njia yote, ordinateri inahesabu mahali pa kuanza kushuka, na piloti otomatiki inafuata. Kwa kawaida ndege inashuka mita 52 hivi kwa kila kilometre. Kolwezi iko mita 1500 hivi juu ya bahari. Basi ndege yenye kuruka kwenye mita 10000 inapaswa kuanza kushuka kilometre 160 hivi mbele ya kutua.

Shida inakuja wakati njia inabadilishwa. Tuseme waongozaji wa ndege wanamwambia rubani akate njia, na kilometre 40 zinapungua. Palepale ndege iko mita 2000 hivi juu kupita inavyofaa. Sasa inapaswa kushuka haraka na pia kupunguza mwendo, mambo mawili yenye kupingana. Na ordinateri inajua tu kile iliandikiwa.

Hivyo njo ilifika Cali, Kolombia, tarehe 20 Desemba 1995. Marubani wa Boeing 757 ya American Airlines, wakitoka Miami, walikubali kutua kwa njia fupi zaidi. Wakajikuta juu mno, wakaharakisha kushuka. Wakaandika herufi R wakitafuta kituo cha redio cha Rozo. Ordinateri ikachukua kituo kingine, Romeo, karibu na Bogotá. Ndege ikageuka, ikagonga mlima. Kati ya watu 163, walikufa 159.

Ndiyo maana njia ikibadilika, rubani anapaswa kuhesabu pia kwa kichwa, na mwenzake ahakikishe. Urefu na mwendo visipokuwa sawa, wanapanda tena na kuzunguka. Abiria anayeona ndege inapanda tena karibu na kutua, asiogope na asilalamike juu ya kuchelewa: pengine ndiyo kazi nzuri ya rubani siku hiyo.