Maadili ya mfamasia hupimwa kwenye kaunta

MWANAFUNZI wa famasia mjini Thika husoma kemia ya dawa kwa miaka mingi, lakini swali litakalomsumbua zaidi kazini si la kemia. Ni la mteja wa mtaa kama Kamenu anayesimama mbele ya kaunta akiwa na shilingi hamsini, akitaka vidonge vinne vya antibayotiki bila maagizo ya daktari.

Thika ni mojawapo ya miji inayofunza taaluma hii nchini Kenya, kupitia Chuo Kikuu cha Mount Kenya. Shahada huchukua miaka mitano, kisha mwaka mmoja wa mafunzo ya kazini, ndipo mhitimu asajiliwe na Bodi ya Famasia na Sumu chini ya Sura ya 244 ya sheria za nchi.

Sheria iko wazi: antibayotiki haziuzwi bila maagizo ya daktari. Ugumu uko kwingine. Mteja akikataliwa huvuka barabara hadi duka la pili, na mwenye duka huuliza jioni mauzo yamekuwaje. Nusu dozi nayo huweza kuacha hai vijidudu vilivyo sugu, vikazaana na kuambukiza wengine. Ndiyo maana kukariri kanuni kwa ajili ya mtihani hakutoshi. Mwanafunzi anafaa apewe kisa kama hicho darasani, aseme maneno yale yale atakayomwambia mteja: amuulize anaumwa nini, amweleze hatari, amwelekeze katika hospitali kama Thika Level 5. Kumfukuza mgonjwa kwa kisingizio cha sheria si maadili.

Siri ni somo jingine. Sheria ya Kuzuia na Kudhibiti Ukimwi ya mwaka 2006 inalinda habari za hali ya mtu, lakini katika duka dogo foleni yote huwa ni majirani. Kutaja jina la dawa kwa sauti kubwa kwatosha kumfichua mgonjwa.

Suala la dawa ghushi ndilo lenye utata zaidi. Mwaka 2011, dawa ghushi za kupunguza makali ya Ukimwi ziligunduliwa nchini. Hata hivyo, mnamo Aprili 20, 2012, Jaji Mumbi Ngugi wa Mahakama Kuu aliwapa ushindi watu watatu wanaoishi na HIV waliopinga Sheria ya Bidhaa Ghushi ya 2008. Vifungu vyake vingeweza kuzihesabu dawa halali za jeneriki, zenye kiambato kile kile kwa bei nafuu, kuwa ghushi, na hivyo kuwanyima wagonjwa tiba.

Mfamasia anayemwambia mteja kuwa dawa ya bei nafuu ni feki, ili amuuzie ya bei ghali, huutumia mkanganyiko uo huo kujinufaisha, na mteja hana namna rahisi ya kumkosoa.