Porsche 911: Tairi za Nyuma Zilizoishinda Theluji

Madereva wengi watakwambia gari la spoti linalosukumwa na tairi za nyuma halifai kwenye theluji: ukikanyaga mafuta tu, mkia unakimbia. Sasa cheki hii. Monte Carlo Rally hukimbizwa Januari, kwenye milima ya Ufaransa yenye barafu. Mwaka 1968 Mwingereza mmoja alishinda na Porsche 911. Mwaka 1969 na 1970 akabeba Mswidi, gari aina ile ile. Siri? Injini iko nyuma kabisa, uzito wake unazikandamiza tairi zinazosukuma, zinashika barabara. Mtihani ulikuwa kwenye kona: ukiachia mafuta ghafla, gari linageuka, na pembeni ni korongo. Mswidi huyo baadaye alishinda Safari Rally ya Kenya mara 4. Jamaa hakuchagua barabara!