Sigara na askari wa mapafu: "kikohozi cha fegi" si cha kupuuza



Nina mshkaji wangu anaendesha bodaboda. Hii ni wiki ya tatu anakohoa. Kila nikimuuliza ananijibu, "Aah mwanangu, hiki ni kikohozi cha fegi tu, kitaisha." Jibu hilo ndilo lililonifanya nikae chini nisome. Mimi siyo daktari, nimeishia kidato cha nne, ila Biolojia nilikuwa naipenda. Haya ndiyo niliyoyapata.

ASKARI WENYEWE NI NANI?

Mapafu yana vifuko vidogo vya hewa, milioni mia kadhaa. Ndani yake kuna seli nyeupe zinazoitwa makrofeji. Shule ya msingi tulifundishwa kuwa seli nyeupe ni askari wa mwili, na hawa ndio wa zamu kwenye mapafu. Kazi yao ni kuzunguka na kumeza vumbi, masizi na vijidudu, halafu kuvisaga. Juu zaidi, kwenye njia za hewa, kuna vijinywele vinavyosukuma makohozi na uchafu kuelekea kooni.

MOSHI UNAWAFANYA NINI?

1. Unalemaza vijinywele. Uchafu unabaki palepale, na mvutaji analazimika kukohoa ili autoe. Ndiyo maana wengi wanakohoa sana asubuhi.

2. Unawalemea askari. Hapa nilishangaa. Nilidhani sigara inawapunguza, kumbe mvutaji anao makrofeji mara kadhaa zaidi ya asiyevuta! Tatizo ni kwamba wamejaa chembe za moshi wasizoweza kusaga, mpaka wanageuka rangi ya kahawia. Ni sawa na mgambo kumfukuza mwizi huku amebeba gunia la korosho. Yupo kazini, lakini hamkamati mtu.

3. Unawafanya wabomoe nyumba. Moshi unaita askari wengine, neutrofili, ambao wanamwaga vimeng'enya vikali. Vimeng'enya hivyo vinakula kuta za vifuko vya hewa. Kuta zikishabomoka hazirudi, na mtu anaishia kuhema hata akitembea hatua chache.

TB INAINGILIA HAPO

Vijidudu vya kifua kikuu vinaingia kwa hewa, na makrofeji ndio wanaokutana navyo kwanza. Vijidudu hivi ni sugu, vinaweza kuishi humo humo ndani ya askari aliyevimeza. Sasa fikiria askari mwenyewe ameshachoka. Mwaka 2016 watafiti, wakiwemo wa Chuo Kikuu cha Cambridge, Uingereza, walionyesha kuwa makrofeji za wavutaji zilizojaa chembe za moshi zinatembea kwa shida, hivyo haziwahi pale zinapohitajika. Kwa ujumla, uwezekano wa mvutaji kuugua TB ni karibu mara mbili ya asiyevuta.

Noma zaidi ni kwamba TB nayo inaanza na kikohozi. Mvutaji ameshazoea kukohoa, kwa hiyo hashtuki. Wakati yeye anasubiri, anaokaa nao chumba kimoja wanavuta hewa ileile.

UFANYEJE?

Ukikohoa wiki 2 au zaidi, nenda kituo cha afya ukapime makohozi. Kwenye vituo vya serikali vipimo na dawa za TB ni bure, na dozi ya kawaida ni miezi 6. Nchi yetu haijaanza jana kupambana na ugonjwa huu. Mpango wa taifa wa kifua kikuu na ukoma ulianza mwaka 1977, na WHO ilikuja kueneza duniani njia za tiba zilizojaribiwa hapa Tanzania.

Na fegi iache. Ukiacha, vijinywele vinaanza kurudi kazini ndani ya wiki hadi miezi, na mapafu yanapata askari wapya wasio na mzigo. Wenye vibanda nao wakumbuke, sheria ya tumbaku ya mwaka 2003 inakataza kumuuzia sigara mtoto chini ya miaka 18. Ukimtuma dogo fegi dukani, unamvunjisha muuzaji sheria.

Mshkaji wangu nimemsomea yote haya. Akacheka, akakohoa, kisha akanyamaza. Jumatatu asubuhi tunaenda wote kupima, na nauli ya pikipiki yake nalipa mimi ili asipate kisingizio.

Haya wadau, kuna aliyefanikiwa kuacha? Tuambie ulianzaje.