Fomu za zawadi za Washington: kabatini, mtandaoni, na nusu yake kurudi kabatini

Agosti 2002 mbunge wa Ohio, Bob Ney, alipanda ndege binafsi kwenda Scotland kucheza gofu katika viwanja vya St Andrews. Fomu aliyoiwasilisha bungeni ilieleza kwamba alikwenda kuzungumza na wabunge wa huko. Bunge la Scotland lilikuwa likizo. Mwenyeji halisi wa safari hiyo alikuwa Jack Abramoff, mpiga debe wa kulipwa aliyetetea maslahi ya makabila ya Wamarekani wa asili yenye kasino mbele ya Bunge la Marekani, na gharama ya ziara nzima ilizidi dola 160,000.

Fomu, basi, ilikuwepo. Tangu Sheria ya Maadili Serikalini ya 1978, iliyotokana na kashfa ya Watergate, wabunge na wasaidizi wao waandamizi walitakiwa kutaja mali, mapato na zawadi zao. Mwaka 1995 kanuni zilikazwa zaidi. Lakini karatasi zenyewe zilikaa kwenye ofisi za kumbukumbu za Bunge mjini Washington, na aliyetaka kuzisoma ilibidi aziombe. Kwa mpiga kura wa Ohio hiyo ilikuwa sawa na siri.

Abramoff alijua jambo ambalo watunga sheria walichelewa kulipa uzito: mlango wa mbunge unashikwa na msaidizi wake. Ndiye apangaye nani aonane na bosi, ndiye aandikaye rasimu ya kifungu. Kwa hiyo Abramoff aliwakaribisha wasaidizi katika mgahawa wake wa Signatures, kwenye barabara ya Pennsylvania, akawagawia tiketi za mechi, na baadhi yao akawaajiri. Neil Volz, mkuu wa ofisi ya Ney, alihamia kwake mwaka 2002 na miezi michache baadaye alikuwa kwenye msafara uleule wa Scotland. Sisi Watanzania tulipobishana kuhusu takrima, yaani ukarimu wa mgombea kwa wapiga kura, hadi Mahakama Kuu ilipoifuta mwaka 2006, tulimwangalia mpiga kura anayekirimiwa. Washington anayekirimiwa ni kijana wa ofisini ambaye jina lake halimo kwenye karatasi ya kura.

Abramoff alikiri makosa Januari 2006, na mwaka uliofuata Ney akahukumiwa kifungo cha miezi 30. Septemba 14, 2007 Rais George W. Bush alitia saini sheria mpya. Wapiga debe walikatazwa kuwapa zawadi wabunge na wasaidizi, safari za kulipiwa zikahitaji kibali, na taarifa za safari zikaanza kuwekwa kwenye intaneti. Chakula hakikufungwa kabisa: kitafunio cha kuliwa umesimama ruksa, mlo wa kukaa mezani hapana. Watu wa mji huo wakaiita kanuni ya kijiti cha meno.

Aprili 2012 Rais Obama alisaini sheria dhidi ya wabunge kununua hisa kwa taarifa za siri. Humo mlikuwa na agizo kubwa zaidi: fomu za mali na zawadi, zikiwamo za wasaidizi waandamizi, ziwekwe mtandaoni mahali ambapo mtu yeyote angeweza kuzitafuta. Wasaidizi wakalalamika. Jopo la wataalamu likaonya, Machi 2013, juu ya usalama wao na wizi wa taarifa binafsi. Hofu hiyo ilikuwa na msingi kwa afisa anayefanya kazi nchi ya hatari. Kwa msaidizi wa kamati ya fedha ni vigumu kuiona. Aprili 2013 Seneti, kisha Baraza la Wawakilishi, yakaliondoa agizo hilo kwa wasaidizi bila mjadala wala kura ya majina, na Obama akasaini Aprili 15.

Mwaka 2014 Kamati ya Maadili ya Baraza la Wawakilishi ilifuta kimyakimya sharti la kutaja safari za kulipiwa katika fomu za kila mwaka. Jarida la National Journal likaliibua, kelele zikapigwa, na sharti likarudishwa ndani ya siku chache.

Fomu za mwaka za wabunge bado zinasomeka mtandaoni. Anayetaka za wasaidizi, sheria inamtaka aziombe ofisini na aandike jina lake, kazi yake na anwani yake.