Kikwembe: tangu kibao cha kuchapa kwa mkono mpaka kiwanda

Ku masoko ya Masisi na Walikale, wamama wanapindua kikwembe na kuangalia mgongo wake kabla ya kulipa. Iko sababu: kikwembe ni akiba. Kinaingia katika mahari na katika kilio. Na wakati wa kukimbia vita kinabeba mtoto, kinafunga mizigo, na shida ikizidi kinauzwa.

Zamani, maua ya kitambaa yalipigwa kwa mkono. Fundi anachonga kibao cha mti mgumu, anaacha alama zimeinuka. Anakigusisha rangi, anakikandamiza juu ya kitambaa, kisha anasogea na kupiga tena. Kila rangi inaomba kibao chake, na kikikosea kidogo tu, ua linapinda. Kule Bagru na Sanganer, nchini India, kazi hii inafanywa hadi leo.

Ku pwani ya Zanzibar na Mombasa, baadhi ya leso za zamani, ambazo leo zinaitwa pia kanga, zilichapwa hivyo katika karne ya 19, juu ya kitambaa cheupe kilichoitwa merikani kwa kuwa kilitoka Marekani. Merikani hiyohiyo ilibebwa na misafara hadi Nyangwe na Kasongo, Maniema, ikatumika kama feza. Ni njia ileile iliyotuletea Kiswahili.

Wax ilitoka kwa mafundi wa Java, wanaofunika kitambaa kwa nta ili rangi isiingie pale. Waholanzi waliiga kwa mashine. Kampuni ya Vlisco ilianza 1846 huko Helmond. Ku wax, nta inawekwa pande zote mbili, ndiyo maana mgongo na uso vinafanana. Hata kiwandani, rangi za kuongeza zilipigwa kwa vibao vya mkono kwa miaka mingi. Kwetu Congo, kiwanda cha Sotexki cha Kisangani kilijulikana kwa vikwembe vyake.

Kwa hiyo mwenye kununua aangalie mambo mawili. Mgongo ukiwa mweupe-mweupe, hiyo si wax, hata bei ikiwa ya wax. Lakini pande mbili kufanana haitoshi, maana kuko viwanda vinavyochapa pande zote bila nta. Basi atafute mishipa midogo ya rangi pale nta ilipopasuka: ku wax ya kweli, haifanani kabisa toka ua moja hadi lingine. Ikijirudia sawasawa kila mahali, ni mashine imeichora.