Aliyekuja na Shida Barazani

Nyumba ya kale ya mji wa pwani, iwe ya Lamu, ya Mombasa, ya Unguja au ya Bagamoyo, haikuanzia mlangoni. Ilianzia nje ya mlango, pale palipojengwa kikalio cha mawe na chokaa kilichoshikamana na ukuta wa mbele, ambapo mwenye nyumba alikaa alasiri na jirani zake, akanywa kahawa na kusikiliza habari za masoko na majahazi, na mgeni asiyekuwa na idhini ya kuingia ndani akapata pa kukaa pasipo kuvunja sitara ya watu. Kikalio hicho ndicho baraza, na jina lake ndilo lililopanda cheo likawa jina la kikao cha mfalme, kisha cha bwana wa wilaya, kisha cha madiwani wa mji. Hupendeza kukumbuka kwamba neno hili kubwa la serikali lilizaliwa mahali pasipo ndani wala njiani, ambapo mtu wa kando na mwenye mji huweza kutazamana.

Bibi Salme binti Said, aliyezaliwa Mtoni mwaka 1844 na ambaye baada ya kuolewa na Mjerumani aliitwa Emily Ruete, ameeleza katika kitabu cha maisha yake, kilichochapishwa Berlin mwaka 1886, jinsi baba yake, Sayyid Said bin Sultan, mtawala wa Unguja, alivyokuwa akikaa barazani, wakuu na makadhi wakiwa wamejipanga kwa daraja zao, na mwenye daawa au ombi akaruhusiwa kuingia na kulisema kwa kinywa chake. Hapakuwa na namba ya jalada wala tarehe ya kurejea. Palikuwa na wajihi wa mtawala na wajihi wa raia, na baina yao hewa tupu. Sisi tuliozoea kuambiwa tuje Jumatatu tu wepesi wa kuitamani hali ile, na mimi mwenyewe huitamani mara kwa mara. Lakini aliyesikilizwa vile hakuwa na haki ya kusikilizwa, alikuwa na ruhusa tu, na ruhusa huweza kutolewa asubuhi ikaondolewa kabla ya adhuhuri. Tena si kila mtu aliyeweza kuitumia, kwani mwanamke wa nyumba yenye heshima hakusimama mbele ya hadhara ya wanaume kueleza shida yake, bali alimtuma ndugu au wakili, akasemewa.

Mintarafu ya maji, njia na usafi wa mji, mambo ambayo leo ndiyo yanayojaza vikao vya madiwani, dola ya zama zile haikuyahesabu kuwa ni deni lake kwa raia, yalikuwa ihsani. Sayyid Barghash, aliyetawala Unguja tangu mwaka 1870 hadi 1888, alikalia kiti katika mji uliokuwa umetoka kuteketezwa na kipindupindu, na mwaka 1872 kimbunga kikaiangusha mikarafuu ya kisiwa. Naye ujanani alikuwa amehamishiwa Bombay, akauona mji mkubwa na namna unavyoendeshwa. Ndipo, miongoni mwa mengi aliyoyafanya, akayavuta maji ya chemchemi kutoka Chemchem, kaskazini ya mji, yakashuka kwa mabomba hadi mjini, wakayachota matajiri na masikini bila ya kutozwa. Hakuna aliyempelekea hati ya kuyadai. Yeye ndiye aliyeona haja, na yeye ndiye aliyeitimiza. Watu waliyapokea maji yale kwa dua, si kwa stakabadhi, na kitu kilichopokewa kwa dua ni taabu kukidai siku kinapokatika.

Ng'ambo ya bahari, katika Mrima, mambo yalikuwa na sura nyingine. Miji kama Bagamoyo haikuwa na mfalme mmoja bali majumbe, ambao waliitwa pia madiwani, kila mmoja na watu wake na wenye vyeo wake. Na desturi zao zimeelezwa kwa Kiswahili kitamu na Mtoro bin Mwinyi Bakari, mtu wa Bagamoyo, ambaye maandishi yake yamo katika kitabu Desturi za Wasuaheli, kilichotolewa na Carl Velten huko Göttingen mwaka 1903. Huko mwenye neno hakuja mikono mitupu. Palikuwa na ada, na kilemba, na vijizawadi vya namna kwa namna, kila mlango na kifunguo chake. Na ijapokuwa watu wa leo wataliita jambo hilo rushwa, ada ilikuwa na sifa moja ambayo rushwa haina: ilitolewa mbele ya watu, kiasi chake kikijulikana, na aliyeipokea akawa ameonekana kuipokea, hivi kwamba kulikwepa shauri baada ya kula ada yake kulikuwa aibu ya mji mzima kuiona.

Neno diwani lenyewe lina safari ndefu. Limetoka Uajemi likapitia Uarabuni, likawa daftari la dola, likawa ofisi yenye madaftari, likawa kikao cha wakuu, na kwa upande wa pili likawa mkusanyiko wa mashairi ya mtu mmoja, kwa kuwa mashairi nayo hutiwa daftarini. Katika lugha yetu maana zote hizo zingali hai. Na mwaka 1960, Sheikh Kaluta Amri Abedi alipokuwa meya wa kwanza Mwafrika wa Dar es Salaam, mji ule uliongozwa na mtu ambaye miaka sita kabla alikuwa ametoa kitabu cha Sheria za Kutunga Mashairi na Diwani ya Amri, akawa mwenye diwani na mkuu wa madiwani.

Turudi kwa mwenye shida. Baina ya kinywa chake na sikio la mkubwa kulikuwa kukiingia, polepole, kitu cha tatu, nacho ni karatasi. Pwani ilijua kuandika tangu zamani, na barua za Kiswahili kwa hati ya Kiarabu, ambazo C. G. Büttner alizikusanya na kuzitoa mwaka 1892, zinaonyesha jinsi haja ilivyovikwa nguo kabla ya kutolewa nje: kwanza jina la mwandikiwa na sifa zake zilizopangwa kama lulu, kisha salamu, kisha kuuliza hali, na hapo tu, baada ya kauli ya ama baad, shida yenyewe, aghalabu kwa maneno machache kuliko yale ya heshima yaliyoitangulia. Serikali za Ulaya zilipokuja na mihuri yao, ustadi huu haukufa, ulihamia kwa karani wa mtaani mwenye meza na kalamu, na baadaye taipureta, ambaye kwa ujira mdogo aligeuza kilio cha mama muuza vitumbua kuwa ardhihali yenye aya na taadhima. Wako waliomdharau karani huyu kwa maneno yake makubwa. Mimi namhesabu kuwa miongoni mwa waandishi wa nathari wa nchi hii, ila msomaji wake alikuwa mmoja tu, na huyo mmoja mara nyingi hakumjibu.

Wajerumani walilipenda neno shauri hata wakalitia katika lugha yao, wakaliandika Schauri, na bwana wa bomani akawa na wakati wake wa kukaa na kuamua mashauri ya watu. Waingereza walipoishika Tanganyika, wakaweka sheria ya watawala wa kienyeji mwaka 1926, wakatawala kwa mikono ya machifu, maliwali na majumbe. Na Kenya, mwaka 1924, yaliwekwa mabaraza ya wenyeji ambayo mwenyekiti wake alikuwa bwana wa wilaya mwenyewe. Baraza la siku hizo, chini ya mwembe au mkungu, watu wamekaa chini, bwana kitini, mkalimani kando yake na askari nyuma, liligeuza mwendo wa maneno: zamani raia alisema na mkubwa akasikiliza, sasa mkubwa alisema, juu ya kodi, pamba na vyoo, na raia akasikiliza, kisha mwishoni, jua likiwa limepanda na bwana akitazama saa yake, akaulizwa mwenye neno.

Mjini Dar es Salaam jambo hili lilikuwa na uchungu wake mahsusi, kwa kuwa mji uligawanywa Uzunguni, Uhindini na upande wa Waafrika, na huduma zikafuata mgawanyo huo, lami na taa zikianza kule penye upepo wa bahari na kufifia kadiri mtu alivyokwenda Kariakoo na Ilala. Mji ulipopewa halmashauri yake mwaka 1949, madiwani wa mwanzo waliteuliwa na serikali, hawakuchaguliwa na watu wa mitaa. Basi mwenye bomba lililokauka alikuwa na mtu wa kumwendea, lakini mtu huyo hakuwa mdeni wake. Udeni huo ulikuja na kura, katika miaka ile ya kukaribia uhuru, na tangu hapo neno jipya likaingia katika malalamiko ya watu, nalo ni "tulikuchagua".

Kisha, mwaka 1972, kwa siasa ya Madaraka Mikoani, halmashauri zikavunjwa, na mamlaka yakawa chini ya maofisa wa serikali kuu mikoani na wilayani. Nia ilikuwa kuyasogeza maendeleo karibu na watu; lakini diwani ambaye mtu angeweza kumshika kanzu baada ya sala ya Ijumaa akatoweka, na ofisa aliyekaa mahali pake alikuwa mgeni wa mji na huenda mwakani angehamishwa. Kiswahili chetu kina hila moja ya ajabu, kwamba shauri ni kushauriana, na ni kesi, na pia, likisemwa kwa kupandisha mabega, shauri lako ni kukuachia mzigo wako mwenyewe. Miji iliujua mzigo huo: mitaro iliziba, taka zikarundikana, na kipindupindu kilipozuka katika miaka hiyo hiyo ya 1970, halmashauri za miji zikarudishwa mwaka 1978, na sheria za mwaka 1982 zikazirudisha zote, za wilaya na za miji, zikaanza kazi mwaka 1984.

Leo, Tanzania, mtu mzima ana sauti yake katika mkutano mkuu wa kijiji au wa mtaa, ambako husimama akasema mwenyewe. Toka hapo neno lake hupanda hadi kata, na toka kata hadi baraza la madiwani, likipungua maneno kila ngazi, mpaka likafika juu likiwa mstari mmoja katika taarifa. Kenya wamepita njia nyingine, kwani ibara ya 37 ya katiba ya mwaka 2010 imempa kila mtu haki ya kupeleka maombi kwa mamlaka za umma, na sheria ya serikali za kaunti ya mwaka 2012 inamruhusu kuliandikia bunge la kaunti juu ya jambo lolote lililo katika mamlaka yake, hata mkazi wa Mombasa akaweza kupeleka shauri la mtaro wake bila ya kupitia kinywa cha mwakilishi.

Tukirudi Tanzania, kikao kamili cha madiwani kiko wazi kwa watu wote. Aliyetoka mtaani kwake kuja kusikia habari ya bomba lake huingia, akaonyeshwa viti vya nyuma, akakaa kimya kama kanuni zinavyotaka, akingoja ajenda ifike. Husemewa, kama alivyosemewa yule mwanamke wa nyumba yenye heshima aliyemtuma nduguye barazani, naye akabaki nyuma ya dirisha akisubiri miguu ya kurudi.